Maswali ya Wanafunzi wa Kifaransa na Majibu ya Historia

Katika nchi zetu za Burundi, Rwanda na Kongo, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kifaransa hukaa katika chumba kimoja cha walimu na hufundisha wanafunzi wale wale. Si ajabu hata kidogo kumkuta mtu mmoja amezibeba kazi zote mbili. Kwa hiyo maswali yanayozuka katika somo la Kifaransa hutufikia na sisi. Mwanafunzi aliyekosa jibu huko huja kutuuliza sisi, na aghalabu huuliza kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha anayoweza kubishana nayo.

Maswali yenyewe si mengi, na hurudi kila mwaka. Kwa nini jani liwe la kike na mti uwe wa kiume? Kwa nini wasichana mia wakiambatana na mvulana mmoja, kivumishi kimfuate mvulana? Kwa nini ukanushi udai maneno mawili? Kwa nini sabini iitwe "sitini na kumi"? Na lile gumu kuliko yote: kwa nini kitenzi kile kile kiongezwe herufi pale yambwa, yaani kitu kinachotendwa, inapotangulia? Jibu ambalo wengi wetu tulipewa tulipokuwa wanafunzi, na ambalo wengi wetu tumelitoa tulipokuwa walimu, ni hili: "Ndivyo ilivyo, kariri."

Nia yetu katika makala haya ni kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi, na kwamba lina madhara. Kila kanuni ya lugha ina umri wake na chanzo chake. Zipo zilizozaliwa vinywani mwa wasemaji, pasipo mtu yeyote kuzitunga. Zipo pia zilizopitishwa mezani na watu wachache, kisha zikasambazwa na shule. Mwanafunzi asiyeelezwa tofauti ya aina hizi mbili hudhani kwamba zote zilishuka kutoka mbinguni. Na akikosea yoyote kati yake hujiona ni yeye mwenye kasoro.

Jinsia ya nomino

Tuanze na jani. Kilatini, ambacho ni mzazi wa Kifaransa, kilikuwa na jinsia tatu: ya kiume, ya kike, na ya tatu isiyokuwa ya kike wala ya kiume. Katika karne nyingi za kusemwa na watu wa kawaida, miishio ya maneno ililika na jinsia ile ya tatu ikatoweka. Nomino zake nyingi zilihamia katika jinsia ya kiume. Lakini "jani" kwa Kilatini lilikuwa *folium*, na wingi wake *folia*. Watu walikuwa wakitaja majani mara nyingi zaidi kuliko jani moja. Na kwa kuwa nomino nyingi za kike ziliishia kwa *-a*, masikio yao yalilisikia neno *folia* kama la kike la umoja. Humo ndimo lilimotoka *feuille*, ambalo ni la kike hadi leo. Ndivyo lilivyozaliwa *joie*, furaha, kutokana na *gaudia*, wingi wa *gaudium*.

Je, jambo hili ni geni kwetu? Hata kidogo. Waswahili walipolipokea neno la Kiarabu *kitab*, masikio yao yalisikia *ki-* mwanzoni, wakaliingiza katika ngeli ya kiti na viti; ndipo tukapata vitabu. Hakuna kamati iliyokaa kuamua hivyo. Mwanafunzi aliyeelezwa habari za kitabu hataona tena kwamba *feuille* ni fumbo. Ataelewa kwamba jinsia ya Kifaransa ni ngeli kama ngeli zetu, yaani njia ya kupatanisha maneno, na kwamba jani halina uke wowote.

Swali la pili halina jibu jepesi namna hiyo. Zamani, kivumishi kilipofuata nomino mbili za jinsia tofauti, waandishi wa Kifaransa walikuwa na hiari. Wengi walikipatanisha na nomino iliyokuwa karibu zaidi, kama walivyofanya hata waandishi wa Kilatini. Mwaka 1647 Claude Favre de Vaugelas, mmoja wa wanachama wa Akademia ya Kifaransa iliyoanzishwa mwaka 1635 chini ya Kardinali Richelieu, alichapisha kitabu chake *Remarques sur la langue françoise*. Humo alisema kwamba jinsia ya kiume ni tukufu zaidi na ndiyo inayostahili kutawala, ingawa yeye mwenyewe alikiri kwamba sikio lilizoea upatanisho wa karibu. Mwaka 1767 mwanasarufi Nicolas Beauzée alieleza sababu waziwazi zaidi: utukufu huo, alisema, unatokana na ubora wa mwanamume juu ya mwanamke. Shule ziliibeba kanuni na kuisahau sababu. Mwezi wa Novemba mwaka 2017, walimu 314 wa Ufaransa walitangaza hadharani kwamba hawataifundisha tena kanuni ya kiume kushinda kike. Wenzao wengi hawakukubaliana nao, na mabishano hayajaisha.

Kiswahili nacho hukutana na tatizo hilo hilo. Tukisema kiti na meza, kitenzi kifuate kipi? Wengi husema "Kiti na meza vimevunjika", kwa kuwa vyote ni vitu. Hakuna aliyepata kudai kwamba ngeli ya *vi-* ni tukufu kuliko nyingine. Mwanafunzi akiona hivyo atatambua kwamba tatizo la kupatanisha maneno ya makundi mawili ni la kawaida katika lugha nyingi, bali sababu ya utukufu iliongezwa na watu.

Maneno mawili ya kukanusha

Ukanushi ni mfano mzuri wa kanuni iliyotungwa na wasemaji wenyewe. Hapo kale neno *ne* peke yake lilitosha kukanusha. Lakini msemaji anayekana jambo hupenda kutia nguvu. Sisi husema: "Sikupata hata chembe", "Hakuna hata tone", "Sitoki hapa hata hatua moja." Wafaransa wa zamani walifanya vivyo hivyo. Aliyekataa kwenda alisema haendi hata hatua, *pas*. Aliyekosa chakula alisema hali hata chembe ya mkate, *mie*. Aliyekosa kinywaji alisema hanywi hata tone, *goutte*. Na aliyetaka kukana kwa jumla alisema hata nukta, *point*.

Baadaye *pas* lilizidi mengine nguvu, likasahau maana yake ya hatua, likaambatana na vitenzi hata visivyohusu mwendo. Kisa cha *rien* na *personne* kinafanana na hicho: la kwanza linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu, na la pili maana yake ni mtu, kwa kukaa sana ndani ya sentensi za kukanusha, yakaja kuwa na maana ya "hakuna kitu" na "hakuna mtu". Leo, katika mazungumzo ya kila siku, Mfaransa huliacha lile *ne* la asili na kubakiza *pas*. Mwanafunzi wetu anayelisikia hilo katika filamu na nyimbo, kisha akasahihishwa darasani, anastahili kuambiwa ukweli: sikio lake halikumdanganya. Maandishi yanalidai lile *ne*, na mazungumzo yanaendelea na safari iliyoanza karne nyingi zilizopita.

Sabini ya Paris na sabini ya Bujumbura

Tuje kwenye hesabu. Ufaransa ya zamani ilijua njia mbili za kuhesabu, kwa makumi na kwa ishirini ishirini. Waliohesabu kwa ishirini walisema *six vingts*, ishirini sita, yaani 120. Paris ingali na hospitali ya macho iitwayo Quinze-Vingts, yaani ishirini kumi na tano. Mfalme Louis wa Tisa aliianzisha katika karne ya kumi na tatu ili iwahifadhi vipofu 300, na hesabu ile imeganda katika jina. *Quatre-vingts*, ishirini nne, ni baki la njia hiyo.

Njia ya makumi nayo ilikuwa na maneno yake: *septante* kwa sabini, *octante* au *huitante* kwa themanini, *nonante* kwa tisini. Vaugelas aliyakataa. Alisema kwamba *septante* lilifaa tu katika kutaja tafsiri ya kale ya Biblia yenye jina hilo, na kwamba kwingineko sharti kusemwe *soixante-dix*. Paris ilifuata njia hiyo. Ubelgiji na Uswisi hazikufuata. Huko *septante* na *nonante* ni maneno ya kila siku, na katika baadhi ya majimbo ya Uswisi *huitante* pia husemwa.

Hapa historia inaingia nyumbani kwetu. Kongo iliwekwa chini ya serikali ya Ubelgiji mwaka 1908, na Ruanda-Urundi ikafuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kifaransa kilichofika mashuleni mwetu kilikuwa cha Wabelgiji. Ndiyo maana mzee wa Bujumbura au wa Bukavu husema *septante* na *nonante* bila kusita, ilhali kijana aliyesoma vitabu vilivyochapishwa Ufaransa husema *soixante-dix*. Babu na mjukuu wakibishana, hakuna aliyekosea. Mwalimu anayemkata mwanafunzi alama kwa sababu ya *septante* anahukumu kwa kitabu cha mwaka 1647, naye hana habari.

Barua niliyoiandika

Sasa tulikabili lile swali gumu. Liko umbo la kitenzi ambalo kwa Kifaransa huitwa *participe passé*. Hapa tutaliita umbo timilifu. Likifuata kitenzi kisaidizi *avoir*, halipatani na yambwa iliyo nyuma yake: *J'ai écrit la lettre*. Lakini yambwa ikitangulia, hupatana nayo: *la lettre que j'ai écrite*. Kwa nini?

Asili yake ni muundo wa Kilatini uliokuwa na maana ya "ninazo barua, zimeandikwa". Katika muundo huo neno "zimeandikwa" lilikuwa sifa ya barua, kwa hiyo lilipatana na barua popote zilipokaa. Muda ulipopita, maneno mawili yale yakaungana yakawa kitenzi kimoja, na upatanisho ukalegea. Katika maandishi ya karne za kati unaonekana mara ukifanywa na mara ukiachwa. Kisha, karibu na mwaka 1538, mshairi Clément Marot alitunga shairi fupi la kuwafunza wanafunzi wake. Alisema kwamba neno linalotangulia ndilo linalotawala, akatoa ushahidi wa Kiitaliano, lugha iliyoheshimiwa sana katika mahakama za wafalme siku hizo. Vaugelas aliikubali kanuni hiyo, lakini akaiwekea vizuizi: kwa mfano, kiima kilipokuja baada ya kitenzi hakutaka upatanisho. Wanasarufi waliofuata waliendelea kuongeza na kupunguza, hata kanuni ya mistari michache ikawa sura nzima ya kitabu.

Hata hivyo usitawi wake mkubwa uliletwa na shule. Sarufi ya Noël na Chapsal, iliyotoka mwaka 1823, ilienea sana madarasani. Sheria ya Guizot ya mwaka 1833 iliitaka kila wilaya ndogo iwe na shule ya msingi ya wavulana, na sheria za Jules Ferry za miaka 1881 na 1882 zikaifanya elimu hiyo kuwa ya bure na ya lazima. Upatanisho wa umbo timilifu ukawa mtego maarufu wa imla. Alama nyingi za watoto zilipotelea hapo.

Serikali ya Ufaransa yenyewe ilipata kuona uzito wa mzigo huo. Mwaka 1900 Waziri wa Elimu, Georges Leygues, alitoa amri iliyoruhusu umbo timilifu lenye *avoir* liachwe bila upatanisho. Akademia ilipinga, na amri mpya ya Februari mwaka 1901 ikaurudisha upatanisho, isipokuwa katika hali chache. Uvumilivu mwingine ulitangazwa mwaka 1976, na marekebisho ya tahajia ya mwaka 1990 yaligusa sehemu ndogo tu. Mwaka 2018 Wabelgiji wawili waliokuwa walimu, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, walitoa wito kwamba upatanisho huo uachwe kabisa. Kanuni ingali inadaiwa katika mitihani.

Mwanafunzi wetu anayo njia ya kuifahamu ambayo mtoto wa Paris hana. Mwambieni alinganishe sentensi mbili: "Nimeandika barua" na "Barua nimeiandika". Katika ya kwanza barua iko nyuma, na kitenzi hakibebi alama yake. Katika ya pili barua imetangulia, na kitenzi kimepokea *-i-*. Sababu za lugha hizi mbili si moja, na Kiswahili kina mambo mengine katika matumizi ya alama hiyo, hasa yambwa inapokuwa mtu. Lakini kwa kuanzia, mlingano huu humsaidia mwanafunzi kujua mahali pa kutazama: je, kitu kinachotendwa kimekwisha kutajwa kabla ya kitenzi?

Mlingano huo unafundisha na jambo jingine. Alama yetu ya *-i-* husikika, na mtoto asiyewahi kukanyaga shule huitumia sawasawa. Upatanisho wa Kifaransa husikika katika maneno machache, kama *écrite* na *prise*. Katika mengi, kama *mangé* na *mangée*, sikio halisikii chochote. Ni kanuni ya jicho na kalamu. Hiki ndicho kipimo tunachowapendekezea wasomaji wetu: mtoto asiyesoma akiifuata kanuni, hiyo ni ya lugha, akihitaji miaka kumi ya imla ili aifuate, hiyo ni ya shule.

Kanuni zilimfaa nani?

Yafaa tuulize pia kanuni za aina ya pili zilimfaa nani. Vaugelas hakuficha: matumizi bora, kwa maoni yake, yalikuwa ya sehemu iliyo timamu zaidi ya watu wa mahakama ya mfalme, pamoja na waandishi bora wa wakati wake. Mwaka 1673, Akademia ilipokuwa ikitayarisha kamusi yake ya kwanza, mwanachama wake Mézeray aliandika kwamba inapendelea tahajia ya zamani, ile inayowatenga wenye elimu na wajinga na wanawake wasiosoma. Kamusi ilitoka mwaka 1694. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1794, Padri Grégoire aliliarifu bunge la Mapinduzi kwamba Wafaransa milioni sita au zaidi hawakijui Kifaransa kabisa, na kwamba wanaokisema sawasawa hawazidi milioni tatu. Hakushauri kanuni zilegezwe. Alishauri lugha nyingine za nchi ziangamizwe. Watoto wa Bretagne na wa kusini walipoingia shule walikuta lugha za mama zao zimepigwa marufuku, na lugha waliyopewa badala yake imejaa mitego.

Somo kwetu

Tungekomea hapa kama tungekuwa walimu wa Kifaransa tu. Lakini sisi ni walimu wa Kiswahili, na kioo hiki kinatuonyesha sura yetu pia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilihudumia Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja. Kiswahili cha Lubumbashi, cha Uvira na cha Buyenzi kule Bujumbura hakikuwa na kiti katika baraza hilo. Hatuupingi usanifu, bila huo tusingekuwa na vitabu vinavyosomwa kutoka Lamu hadi Kisangani. Tunalopinga ni kuufundisha kama vile mahali pengine pote watu hubabaisha tu.

Mwanafunzi kutoka Kongo husema "makumi mbili". Aghalabu darasa hucheka, na mwalimu humwambia kwamba hajui Kiswahili. Hebu tumtendee kama tunavyotaka msahihishaji wa Kifaransa amtendee yule wa *septante*. Tumwambie kwamba Kiswahili sanifu hutumia "ishirini", neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na kwamba katika mtihani sharti aandike hivyo. Tumwambie pia kwamba "kumi" ni neno la Kibantu lenye wingi wake "makumi", na kwamba kuhesabu makumi mawili, makumi matatu, ni njia yenye mpango kamili. Kiswahili sanifu kingemdai "makumi mawili" mahali pa "makumi mbili", na hilo nalo tumfunze kwa utaratibu. Asitoke darasani akidhani kwamba wazazi wake walimlea bila lugha.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wenzetu mambo matatu. Kwanza, kanuni ifundishwe kikamilifu, kwa kuwa mtihani hauna huruma na mwanafunzi ana haki ya kufaulu. Pili, swali la "kwa nini" lipewe jibu la historia kila inapowezekana, hata kama ni kwa dakika tano tu. Tatu, tusimdharau msemaji kwa kanuni ambayo sisi wenyewe hatujui ilikotoka.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini *feuille* ni la kike amekwisha kuanza kazi ya mwanaisimu. Anayemjibu "kariri" anamfungia mlango. Na mwanafunzi huyo huyo, saa ya pili, yumo katika darasa letu la Kiswahili, ameufumba mdomo wake.